Rangi mpya, ukuta mgonjwa: Usiuziwe maji kwa bei ya nyumba!

JIJI letu hili wenyewe tumelipachika jina la Bongo kwa kuwa bila kuzitumia hizo bongo huli. Leo nazungumza na wale vijana waliochoka kugongewa mlango na mwenye nyumba kila kodi inapokwisha, wakajinyima, wakaweka akiba, na sasa wanataka kununua nyumba yao wenyewe. Hongera zenu!

Wengi wa vijana hawa hawataki tena habari ya kununua kiwanja huko pembezoni, kufyatua tofali na kusubiri miaka 10 mpaka nyumba iezekwe. Wanataka nyumba iliyokwisha kusimama, katika mitaa ya zamani ya Magomeni, Ilala, Temeke au Kinondoni, ambako umeme upo, maji yapo na usafiri hausumbui. Wazo si baya hata kidogo. Lakini nyumba ya zamani ni kama mchumba mtu mzima: ana historia yake, na si yote atakayokusimulia siku ya kwanza. Na historia inayofichwa kuliko zote ni ya unyevu.

Najua kuna mtu keshasema, "Aah, unyevu tu! Si unapiga rangi, mchezo umekwisha?" Jamani, hapo hapo ndipo watu wanapoingizwa mjini mchana kweupe. Rangi haijapata kukausha ukuta hata siku moja. Rangi ni poda. Inapendezesha uso, haitibu homa.

Kuna msomaji wetu mmoja wa Temeke ameniandikia. Yeye na mchumba wake wamekusanya fedha kwa miaka 5, yeye kwenye Saccos ya kazini kwake, mwenzake kwa biashara ya vipuri. Wamepata nyumba ya vyumba 6 kule Ilala, bei yake iko chini kidogo ya za jirani, imepigwa rangi ya krimu inang'aa kama yai. Dalali anawaambia wafanye haraka, kuna mtu anakuja na fedha taslimu Jumatatu. Mchumba anataka walipe. Dada mwenyewe anasema kila akiingia chumba cha uani anasikia harufu ya shuka lililokunjwa bichi. Anauliza: "Nimsikilize mchumba wangu au niisikilize pua yangu?"

Dada yangu, sikiliza pua! Mchumba mpende, lakini kwa siku hizi chache pua ndiyo iwe mshauri. Na nyie wengine mlio katika mkumbo huo huo, sogeeni karibu tuelezane.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba ukuta haulowi wenyewe. Maji lazima yatoke mahali, na kwa nyumba zetu hizi yana njia 4: chini, juu, ubavuni, na ndani kwenu wenyewe. Ukijua yametoka wapi, umeshajua ugonjwa ni wa vidonge au wa upasuaji. Usipojua, utabandua lipu na kupiga lipu nyingine kila mwaka, huku fundi akimalizia nyumba yake Mbagala kwa fedha zako.

MAJI YA CHINI

Umewahi kuuona utambi wa kibatari unavyonyonya mafuta ya taa mpaka juu bila kusukumwa na mtu? Basi ukuta wa tofali nao ndivyo ulivyo. Una vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na kwa kupitia vitundu hivyo unanyonya maji ya ardhini kutoka kwenye msingi. Ndiyo maana mafundi wanaojua kazi huweka tabaka la kuzuia maji kati ya msingi na ukuta, wenyewe wanaliita DPC. Ni nailoni nene au karatasi ya lami, na kwa kawaida inatakiwa ikae kama sentimeta 15 juu ya ardhi ya nje. Nyumba nyingi za zamani hazina kitu hicho. Nyingine zilikuwa nacho kikachakaa, au kimefukiwa na udongo uliopanda mwaka hadi mwaka.

Dalili zake hazijifichi. Utaona mstari ukutani kama ule unaobaki kwenye kikombe cha chai, mara nyingi hauzidi meta 1 kutoka sakafuni. Chini ya mstari huo rangi imevimba na kubanduka, lipu ukiikwangua kwa sarafu inamwagika kama unga wa dona, na juu yake kuna unga mweupe. Unga huo ni chumvi. Maji yanapopanda yanabeba chumvi za ardhini, kisha maji yanakauka na chumvi inabaki pale pale.

Chumvi hiyo ina ubaya wa aina mbili. Kwanza, inapoganda ndani ya lipu inaisukuma mpaka inamomonyoka. Pili, inavuta unyevu wa hewani. Si umeona chumvi ya jikoni inavyolowa ndani ya kopo wakati wa mvua? Basi na ukuta wenye chumvi ndivyo ulivyo. Unaweza kuwa umelowa hata kama maji ya chini yameshazibwa. Ndiyo sababu lipu ya zamani iliyokula chumvi lazima ibanduliwe yote, siyo kuviraka viraka.

Kwa sisi watu wa pwani kuna jingine. Wako wajenzi waliochota mchanga ufukweni kwa sababu ni wa bure, wakachanganyia simenti. Nyumba ya namna hiyo imezaliwa na chumvi mwilini. Nondo zake zinaliwa na kutu, na kutu ikivimba inapasua zege. Kwa hiyo tazama lenta na nguzo. Ukiona ufa mrefu unaofuata nondo, na rangi ya kahawia inatokeza pale, usihangaike na mambo ya rangi tena. Mwite injinia kabla hujatoa hata senti.

Usishangae pia kukuta nyumba ya Kiswahili ya zamani, ya miti na udongo, iliyopigwa lipu ya simenti juu yake ukadhani ni tofali. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole sehemu mbalimbali. Ukisikia sauti ya debe tupu, lipu imeachana na ukuta na maji yanacheza humo katikati. Miti iliyosimama kwenye unyevu inaoza kuanzia chini, na mchwa hawahitaji kadi ya mwaliko.

Dawa ya maji ya chini ndiyo ghali kuliko zote. Fundi anakata ukuta kipande kwa kipande na kupenyeza DPC, au anatoboa matundu mstari mmoja na kuingiza dawa maalumu ya kuzuia maji. Kisha lipu inabanduliwa mpaka juu ya ule mstari, na ukuta unaachwa ukauke. Hapo kwenye kukauka ndipo watu wanapokosa subira. Hesabu wanayoitumia mafundi ni kama mwezi 1 kwa kila inchi ya unene wa ukuta. Tofali la inchi 6 litataka kiasi cha nusu mwaka. Kwa hiyo anayekuambia atakumalizia kazi kwa wikiendi moja, huyo anataka kukumalizia hela.

MAJI YA JUU

Haya ndiyo yenye nafuu. Alama yake ni baka la kahawia darini au juu ya ukuta, lenye duara ndani ya duara kama ramani. Masika linakua, kiangazi linakauka. Sababu ni bati lililotoboka, msumari uliolegea, kofia ya paa iliyopasuka, au gata iliyozibwa na majani ya mwembe wa jirani. Bati moja na misumari michache vinaweza kumaliza ugomvi.

Lakini usiishie kutazama bati. Omba ngazi, chukua tochi, panda darini uzitazame kenchi. Chomeka ncha ya kisu kwenye mbao. Ikizama kama inazama kwenye papai bivu, mbao zimeoza, na hapo huzungumzii bati moja tena bali paa zima. Na kama paa ni la asbesto, ambalo kwenye majengo ya zamani si jambo la ajabu, usimruhusu fundi kulikata kwa msumeno wala kulivunja vunja ovyo. Vumbi lake likiingia mapafuni linasababisha kansa. Kuliondoa ni kazi ya watu wenye utaalamu na vifaa.

MAJI YA UBAVUNI

Hapa ndipo majirani wanapokosana. Bafu la jirani limeegemea ukuta wako, karo limepasuka, bomba lililopita ndani ya ukuta linavuja polepole. Dalili ni baka moja lililokaa mahali pamoja, mvua inyeshe isinyeshe.

Kuna kipimo kisicho na gharama. Funga koki zote za nyumba, hakikisha na tangi halijazi, kisha soma mita ya maji. Kaa ukutani barazani upige soga kwa saa 1, halafu soma tena. Kama namba zimesogea na hakuna aliyechota maji, kuna bomba linakunywa kwa siri.

Halafu tazama nje. Katika mitaa mingi ya zamani barabara imekuwa ikiinuliwa kila inapotengenezwa, na nyumba imebaki pale pale. Matokeo yake sakafu ya ndani iko chini kuliko mtaa, na mvua ikinyesha maji yanajua pa kwenda. Au mwenye nyumba amemwaga sakafu ya saruji uani mpaka ikafunika lile tabaka la DPC, kwa hiyo maji yanapita juu yake kama mtu anayeruka uzio. Wakati mwingine tiba ni kuchimbua udongo uliolundikana ukutani, kuinamisha sakafu ya nje iende mbali na nyumba, na kuchimba mfereji. Jasho zaidi kuliko fedha.

Ila tofautisha unyevu na mafuriko. Ukiona mstari wa matope umezunguka nyumba nzima kwa kimo kimoja, na nyumba ya jirani nayo ina mstari huo huo, hapo maji yaliingia kwa mlango. Mafuriko ya Desemba 2011 hapa Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40, na baadhi ya familia za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande. Nyumba ya bondeni hata ikipigwa DPC ya dhahabu bado ni ya bondeni. Tena Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mito na ufukwe. Ukinunua huko, si maji peke yake yatakayokuja kukuondoa.

MAJI YA NDANI KWENU

Haya watu hawayahesabu. Mnapika, mnaoga, mnaanika nguo chumbani kwa sababu uani kuna wezi, na watu 4 wanalala na kupumua usiku kucha. Mvuke wote huo unatafuta pa kukaa. Wazee walijenga kwa akili: dari refu na matundu ya hewa juu ya madirisha. Vijana tukija na usasa tunaziba matundu, tunashusha dari, tunaweka vioo vya alumini visivyofunguliwa, na wenye nazo wanaongeza kiyoyozi kinachoipoza kuta mpaka zinatoka jasho. Kisha tunashangaa ukungu!

Dalili ni madoa meusi ya ukungu kwenye pembe za chumba, nyuma ya kabati, na viatu vinavyoota manyoya meupe uvunguni. Tiba yake ni hewa. Zibua matundu, fungua madirisha, sogeza kabati liachane na ukuta, usianike ndani. Ugonjwa huu usikufanye ukaikimbia nyumba nzuri.

VIPIMO VYA MTU ASIYE NA MASHINE

Wenzetu wana mashine ya kupima unyevu ukutani. Wewe una pua, kiganja na sarafu, vinatosha kwa kuanzia. Ukiingia, nusa kabla hujasifia. Kama nyumba nzima inafuka udi siku ya kwanza kuja kuitazama, usikimbilie kudhani umeandaliwa mapokezi. Huenda ni ukarimu, na huenda kuna harufu inayofunikwa. Rudi siku nyingine bila taarifa.

Weka kiganja ukutani chini, katikati na juu. Ukisikia chini kuna ubaridi wa mtungi, tia alama. Omba kabati na kitanda visogezwe. Tazama soketi za chini kama zina kutu. Na ukikuta chumba kimoja tu, au kipande cha chini tu cha ukuta, ndicho kilichopigwa rangi mpya wakati kwingine kote rangi imepauka, hapo pana mgonjwa aliyejifunika shuka. Muulize mwenye nyumba, kwa heshima tu, amefunika nini.

Kisha kuna kipimo cha nailoni. Chukua kipande cha nailoni angavu ukubwa wa gazeti, kibandike ukutani au sakafuni kwa gundi ya karatasi pande zote 4, hewa isipite. Kiache siku 1 au 2. Ukikuta matone upande wa ndani, ule uliogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukikuta matone upande wa nje, maji ni ya hewa ya chumbani. Kipimo hiki kinakuokoa usitoboe ukuta kutafuta maji ya chini wakati tatizo ni nguo za kuanika.

Sakafu yenye vigae vinavyong'aa isikubabaishe. Vigonge kwa ufunguo uone kama kuna vinavyolia tupu, na tazama mistari ya katikati kama imeota weupe. Sakafu iliyomwagwa bila nailoni chini yake inapitisha maji kama ukuta.

Kama una subira, nenda ukaitazame nyumba wakati mvua inanyesha. Masika ni Machi mpaka Mei, vuli ni Oktoba mpaka Desemba. Nyumba inayouzwa Agosti imevaa nguo za sikukuu. Nenda Aprili, tena na mwavuli, uikute imeamka haijanawa uso.

Na kipimo kikubwa kuliko vyote ni watu. Dalali ana kamisheni yake, mwenye nyumba ana shida zake, lakini mama anayeuza maandazi barazani hana cha kupoteza. Nunua maandazi mawili, kaa, salimia vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo. Mama, hapa mvua ikinyesha maji yanapita wapi?"

Utaelezwa mpaka mwaka ambao mbuzi wa mtu alisombwa. Mpangaji wa nyumba hiyo naye, ukimkuta peke yake, atakuonyesha pale ambapo hawezi kuegesha godoro lake. Hakuna injinia atakayekupa habari hizo.

SI FEDHA TU, NI MAPAFU

Kuna wanaosema, "Mimi nitavumilia, mradi nimepata nyumba." Wewe utavumilia, je, mtoto? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu ndani ya majengo, likieleza kuwa wanaoishi katika nyumba za namna hiyo wanaandamwa zaidi na pumu, kikohozi, kubanwa na kifua na mzio.

Na msidhani haya ni mambo ya uswahilini tu. Huko Uingereza, katika mji wa Rochdale, Desemba 2020 alifariki mtoto wa miaka 2. Uchunguzi wa kisheria uliomalizika Novemba 2022 ulisema chanzo ni kuvuta hewa yenye ukungu kwa muda mrefu katika nyumba waliyopanga. Wazazi walikuwa wamelalamika tangu mapema, na baba wa mtoto alishauriwa apake rangi juu ya ukungu. Kifo hicho ndicho kilichosababisha kuongezwa kwa kipengele katika sheria ya mwaka 2023, cha kuwabana wenye nyumba za kijamii washughulikie unyevu kwa wakati. Ushauri ule ule wa "piga rangi tu" tunaopeana hapa kwetu kila siku!

Kwa hiyo kama una mtoto mchanga, mjamzito, mzee au mwenye pumu, usihamie kwanza ukatengeneze baadaye. Tengeneza, kausha, ndipo uhamie. Na ukungu usiusugue mkavu kwa brashi, unautawanya hewani. Loweka kwa maji ya sabuni, ziba pua na mdomo, fungua madirisha, kisha zuia yale maji yaliyoulea. Usipoyazuia, utarudi baada ya wiki kadhaa ukiwa na afya njema kuliko yako.

WANAOTAKA NYUMBA ZA MAWE

Wapo vijana wenye ndoto ya nyumba ya kale kule Mji Mkongwe wa Zanzibar, Bagamoyo, Pangani au hata Mombasa, waifanye ya wageni. Sikilizeni vizuri, kwa sababu tiba ya Ilala ikipelekwa huko inageuka sumu. Nyumba zile zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko. Kuta hizo zinanyonya maji kidogo na kuyatoa zenyewe, zinapumua. Chokaa inaruhusu hilo. Simenti hairuhusu. Ukizipiga lipu ya simenti na rangi ya mafuta, umemvisha mtu koti la mvua juani. Maji yanabaki ndani, yanapanda juu zaidi, yanafikia vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani, na boriti inaoza mahali ambapo huoni.

Kwa hiyo ukikuta nyumba ya mawe imepigwa simenti nzuri iliyonyooka kama kioo, usifurahi sana. Uliza boriti ziko katika hali gani, na tafuta fundi anayejua chokaa. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na una mamlaka yake ya uhifadhi. Huko hujibandulii ukuta bila kibali.

SASA TUZUNGUMZE BEI

Unyevu usikufanye ukimbie kila nyumba. Kwa mnunuzi mwerevu, unyevu uliojulikana ni hoja ya kupunguziwa. Fanya hivi. Lete mafundi 2 wasiojuana, kila mmoja kwa siku yake, na usiwape kazi kabla hujasikia maelezo yao. Waulize swali moja: "Maji yanatoka wapi?" Anayejibu kwa kutaja chanzo, msikilize. Anayejibu kwa kutaja aina ya rangi, mpe nauli aende zake.

Wakishakupa makadirio, chukua lile kubwa, ongeza kidogo kwa yasiyoonekana, ukaliweke mezani. Tuseme nyumba inauzwa shilingi milioni 60 na matengenezo ni milioni 7. Hapo mazungumzo yaanzie kwenye milioni 53. Usigombe, usikashifu nyumba ya mtu. Huenda baba yake aliijenga kwa jasho na yeye amezaliwa humo. Sema tu, "Kaka, nyumba nimeipenda, ila huu ukuta wa uani una kazi yake, na hesabu ya fundi ni hii hapa."

Mkikubaliana, yaandikwe. Mkataba mbele ya mwanasheria utaje kasoro zilizoonekana na nani atazigharimia. Kama muuzaji anaapa kuwa nyumba haina unyevu, sawa kabisa, mwombe akubali sehemu ya fedha ibaki kwa mwanasheria mpaka masika yapite. Mwenye ukuta mkavu hana sababu ya kuogopa mvua. Akianza kubadilika sura, umeshapata jibu bila kutoboa ukuta.

Na wewe dada wa Temeke, huyo mtu wa Jumatatu mwache aje. Watu wa Jumatatu madalali wanao wengi mno. Mpeleke mchumba wako chumba cha uani, msogeze kabati pamoja, kisha bandikeni nailoni yenu mkae siku 2. Kama maji ni ya darini au ya nguo za kuanika, nunueni, na mtualike ubwabwa. Kama ni ya chini, teremsheni bei kwa kiasi cha fundi, na mpange kabisa pa kukaa kwa miezi 6 ya kukausha. Kama ni nondo zinazopasua zege, ondokeni taratibu. Miaka 5 ya kujinyima haiendi kuzikwa ndani ya ukuta wa mtu mwingine.

Kabla sijaweka kalamu chini, angalizo kwa wale mlioshanunua na sasa mnasoma huku mkiutazama ukuta kwa jicho la pembeni. Msikate tamaa. Jumamosi hii anzeni na vya bure: zibueni gata, ondoeni udongo uliolundikana ukutani, fungueni madirisha, someni mita. Mtashangaa nyumba ngapi zinapona bila hata mfuko mmoja wa simenti.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane tena wiki ijayo panapo majaliwa. Mkae pakavu!